Kitundu Kwenye Glavu

Vito vyote vitatu vya mashine mpya viliibwa Jumapili, na Jumatatu yake alasiri wanunuzi wa viti kutoka Chicago walikuwa wanakuja kuiona ikikata. Bila kito mashine haikati. Isipokata, hakuna mkataba.

Hobart Tolliver, mwenye kiwanda, aliyasema hayo kwenye simu kwa pumzi moja kisha akakata. Neno lililobaki masikioni mwa mpokea simu wa ofisi ya sherifu lilikuwa moja tu: vito. Ndiyo maana Orrin Teague, mpelelezi wa kaunti, alianza asubuhi yake kwenye duka la rehani la barabara kuu, akiuliza kama kuna mtu kaleta yakuti.

"Yakuti? Pickerel Springs hii?" Mwenye duka alicheka mpaka akakohoa. "Afande, wiki iliyopita mtu kaniletea meno ya bandia. Ya mama mkwe wake. Hayo ndiyo mawe ya thamani tuliyobaki nayo tangu mgodi ufungwe."

Kiwandani, Teague alipokewa na mhandisi aliyekuja na mashine kutoka Wisconsin, kijana mrefu mwembamba aitwaye Nils Aaker. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alitoa mfukoni kitu akakiweka kwenye kiganja cha Teague. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, na kilikuwa na ufa.

"Hiki kilipasuka juzi. Vilivyoibwa ni kama hiki, ila vizima."

"Hii ndiyo yakuti?"

"Yakuti ya kupikwa tanuri. Ukimpelekea sonara atakufukuza dukani. Kina tundu katikati, jembamba kama unywele. Maji yanapita hapo."

"Basi mwizi hakutaka mali."

"Nami ndivyo nilivyomwambia Bwana Tolliver. Yeye bado anataka ukapekue nyumba za watu. Kito kipya kinakuja na basi la mchana, nimepiga simu kwa watengenezaji. Wageni wataiona ikikata, wapende wasipende."

Teague alizunguka mlangoni kwanza. Kufuli lilikuwa zima. Ufunguo wa akiba ulikuwa juu ya kizingiti, mahali ambapo mtu yeyote wa kiwandani angeupata hata akiwa amefumba macho. Jumapili asubuhi mji mzima ulikuwa kanisani. Mtu alikuwa na nafasi ya kutosha kuingia, kufanya kazi yake na kutoka bila kuonwa hata na mbwa.

Mashine yenyewe haikuwa na sura ya kutisha. Pampu kubwa kama jeneza la mtu mnene, silinda nene ya akiba pembeni yake, na bomba la chuma lililokwenda mpaka kwenye meza ya kukatia. Juu ya meza palikuwa na mzinga wa karatasi ngumu, zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka hadi zikawa ngumu kama mbao. Kiwanda cha Tolliver kilikata mizinga hiyo kuwa miguu na migongo ya viti, ikavishwa kitambaa, ikauzwa. Kwa miaka yote walikata kwa misumeno, na vumbi la karatasi lilikuwa limetanda mpaka kwenye nyusi za watu.

"Niambie kama unavyomwambia mtu aliyeacha shule darasa la saba," Teague alisema. "Maji yanakataje?"

"Yanabanwa kwa nguvu ya ratili elfu hamsini kwa kila inchi ya mraba. Kisha yanapewa njia moja tu ya kutokea, kile kitundu cha kito. Yanatoka kwa kasi kubwa kuliko risasi ya bastola. Hakuna vumbi, hakuna meno ya kunoa." Aaker alipangusa jasho. "Chuoni kwetu mtu wa kwanza kuhangaika nayo alikuwa mtaalamu wa misitu. Alitaka kupasua magogo bila kupoteza unga wa mbao. Magogo yakamshinda, karatasi ikakubali."

"Na huo mlio?"

"Upi?"

"Kama mbu."

Aaker aliinamisha kichwa. "Nausikia tangu asubuhi. Niliziba mdomo wa mbele nikaijaza shinikizo nione kama kuna kingine kilichoharibiwa. Mahali fulani panavuja, sijapaona."

Teague hakungoja. Alipiga goti, akaweka kiganja juu ya bomba, akaanza kukitelezesha kuelekea kwenye kiungo.

Aaker alimpiga kofi mkononi, la nguvu, mkono wa Teague ukagonga fremu ya pampu.

"Wewe kijana," Teague alisema polepole, "unampiga askari."

"Samahani, afande. Angalia kwanza, halafu unifunge."

Aliokota kipande cha kadibodi sakafuni, akakishika kwa ncha, akakipitisha kando ya bomba, inchi moja moja. Alipofika kwenye nati ya kiungo, kadibodi ilikatika. Nusu ikaanguka. Hewani hapakuwa na kitu cha kuona, si tone wala mvuke. Teague alikitazama kile kipande kilichoanguka, kisha akakitazama kiganja chake.

"Pampu imezimwa," alisema.

"Silinda ya akiba haijui kwamba pampu imezimwa. Hushika shinikizo hata siku mbili." Aaker alifungua vali ya pembeni, maji yakamwagika kwenye ndoo, mlio wa mbu ukafa. Akaishika nati. "Hii imelegezwa. Mtu alianza hapa kwa spana kabla hajajua kito kinafunguliwa wapi. Nani aliyekufundisha kutafuta uvujaji kwa mkono?"

"Mgodini. Bomba la hewa likivuja gizani huoni kitu. Unapitisha kiganja, ukisikia ubaridi unaokupuliza, hapo ndipo."

"Hewa itakupuliza. Hii haipulizi."

Teague alikuwa amelala kifudifudi, anamulika tochi chini ya fremu ya pampu. Alitoka na glavu ya ngozi, ya mkono wa kushoto.

"Zimezagaa humu," Aaker alisema. "Kila mtu anazo."

Teague aliingiza vidole ndani ya glavu, akavitoa, akavisugua. Vilikuwa vinateleza. Ute ulivutika kati ya kidole na kidole kama wa bamia.

"Hii nini?"

"Dawa tunayotia kwenye maji ili yashikamane. Bila hiyo uzi wa maji unachanika kama mkia wa farasi, haukati sawa." Aaker aliinusa. "Ni yetu. Lakini ikiwa kavu nje na imelowa ndani..."

"Maji yaliingiaje ndani bila kulowesha nje?"

Teague aliisogeza glavu kwenye balbu iliyoning'inia juu ya meza, akaitanua kwa vidole viwili. Katikati ya kiganja palikuwa na nukta ya mwanga, ndogo kama iliyotobolewa kwa sindano. Aligeuza upande wa mgongo. Huko hapakuwa na tundu.

"Yameingia," alisema. "Hayakutoka."

Aaker aliketi juu ya ndoo tupu iliyopinduliwa. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Kuna damu?"

"Tone moja. Limekauka."

"Kwenye maabara yetu kulikuwa na fundi mmoja. Alipigwa hapa, kwenye shina la kidole. Kitundu cha kuchekesha, hata plasta hakutaka. Akaenda kula chakula chake cha mchana. Afande, maji yakipita ngozi hayasimami. Yanatembea kati ya nyama na nyama, yanafuata mishipa mpaka yachoke. Mwanzo haumi, mkono unakufa ganzi tu. Usiku unavimba. Daktari asipoupasua mapema akaosha ndani, nyama inakufa. Na hii yetu si maji matupu."

"Jana asubuhi mpaka sasa."

"Muda umeshakwisha. Tunahesabu kilichobaki."

Teague aliitia glavu kwenye mfuko wa koti. Alikuwa amekuja kumtafuta mwizi. Alitoka pale anakwenda mbio.

Chumba cha misumeno kilikuwa nyuma ya kiwanda. Walikuwamo wanaume watano, na misumeno yao mitano ilikuwa inanguruma. Mmoja wao, Delmar Pruitt, aliuzima wa kwake alipoona nyota ya sherifu. Mzee mnene mwenye kofia ya besiboli iliyopoteza rangi. Tolliver alikuwa ameshamtaja kwenye simu ya pili: Pruitt ndiye, Pruitt alitishia hadharani.

"Nilijua utakuja kwangu," Pruitt alisema. "Nani kaleta umbea?"

"Inasemekana ulitishia ile mashine."

"Nilisema nitakojoa kwenye tangi lake. Sijakojoa. Bado." Wengine wakacheka. "Afande, mimi nimeoga kwa maji miaka hamsini na tano. Sijawahi kukatika."

"Jumamosi tu, Delmar, usijisifu," mmoja alisema.

"Nionyesheni mikono," Teague alisema. "Wote. Viganja juu."

Kicheko kilikatika. Pruitt alinyoosha yake kwanza. Ncha ya kidole cha pete haikuwapo.

"Hiki alikila msumeno, mwaka sitini na sita. Huyo ni mnyama ninayemjua. Akikung'ata anakung'ata mchana kweupe na damu unaiona."

Teague alivishika viganja kumi, kimoja kimoja, akavibonyeza. Vilikuwa na masizi, sugu, makovu ya zamani. Hapakuwa na uvimbe wala kitundu. Hakuwa Pruitt, wala mwingine yeyote kati ya wale watano.

"Nani humu alikuwa mtu wa mabomba ya hewa mgodini?"

Mmoja aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Nyote mlichimba. Lakini mchimbaji hagusi bomba, analaani tu hewa ikipungua. Palikuwa na watu wa bomba. Hao ndio wanaopitisha kiganja. Nani?"

"Tolliver kakuahidi nini?" Pruitt aliuliza.

Teague aliitoa glavu, akaivaa, akaisimamisha mbele ya taa ili waione ile nukta.

"Mwenye hii hana jeraha la kuonyesha watu. Kitundu kama cha sindano. Jana alikula chakula cha Jumapili na mkewe kama kawaida. Leo mkono umevimba na hajui kwa nini, na akijua hawezi kusema."

"Ukimpata utamtia pingu."

"Delmar, nikichelewa hatakuwa na mkono wa kutia pingu."

Pruitt alivua kofia, akaitazama ndani kama mtu aliyeangusha kitu humo.

"Coy hajaja leo," alisema. "Kapiga simu, anasema jino."

"Delmar," mwenzake alimkemea.

"Nyamaza wewe. Ni mkono huo."

Coy Ledbetter ndiye aliyenoa misumeno ya Tolliver. Kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa mabomba kwenye mgodi wa madini ya risasi, mtu aliyewafundisha nusu ya vijana wa kaunti kusikiliza hewa kwa ngozi. Teague hakuwa mmoja wao, ila aliyemfundisha Teague alifundishwa na Coy.

Teague alimpakia Aaker kwenye gari. Walipita kando ya vilima vya kifusi cha mgodi, vyeupe na vikavu, upepo ukivirushia vumbi kwenye kioo. Nyumba ya Ledbetter ilikuwa ya mwisho. Mkewe, Verdie, alifungua mlango kabla hawajabisha.

"Jino gani, Orrin," alisema, kama anayeendeleza mazungumzo yaliyokwishaanza, "linalomvimbisha mtu mkono? Jana alipokuja kunichukua baada ya ibada nilimkamata daktari pale uwanjani pa kanisa. Kautazama, kasema nyigu. Kampa aspirini. Usiku kucha hakulala."

"Yuko wapi?"

"Nyuma. Hataki niuguse."

Coy alikuwa ameketi ngazini, mkono wa kushoto kwenye beseni la barafu. Alimtazama Teague, akamtazama Aaker, akaelewa.

"Nyigu," alisema.

"Mzee Coy, nyigu hatoboi glavu ya ngozi ya ng'ombe."

"Wapo nyigu wakali."

Teague aliiweka glavu juu ya ngazi. Coy hakuitazama. Aaker alichuchumaa, akautoa ule mkono majini bila kuomba ruhusa. Ulikuwa umevimba mpaka karibu na kiwiko. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vyeupe kama nta. Katikati ya kiganja palikuwa na nukta nyekundu ambayo mtu angeidhania ya mwiba.

"Unasikia hapa?"

"Kimelala hicho."

"Na hapa?"

Coy alikaza taya. Huko alisikia.

"Ni maji tu, kijana," alimwambia Aaker. "Miaka thelathini nimeshika mabomba. Maji hayaui mtu."

"Haya yanakuua mkono, mzee. Lazima upasuliwe kutoka hapa mpaka hapa, leo hii. Na daktari hatakupasua kwa sababu ya nukta. Lazima umwambie ni nini kilichoingia."

Coy alimgeukia Teague. "Nikimwambia, anaandika."

"Anaandika."

"Na wewe unasoma."

"Nasoma. Siwezi kukudanganya."

"Sikuvunja kitu. Nilitaka wale wa Chicago waje waone chuma kimenyamaza, waondoke zao. Tolliver aliniita ofisini, akaniambia misumeno itang'olewa. Nikamuuliza, na mimi ninoe nini? Akasema nitafute. Orrin, nimebakiza miaka miwili nipate malipo ya uzee. Mwizi hapewi kitu."

"Jaji ndiye ataamua. Mimi nitasema ulichofanya na ambacho hukukifanya."

"Maneno hayo hayanoi msumeno."

Mahali fulani nyuma ya vifusi treni ya mizigo ilipiga honi. Teague alitazama saa yake, akaitazama tena. Angeweza kumbeba kwa nguvu. Asingeweza kumfungua mdomo.

Verdie alitoka na kofia ya mumewe na koti lake. Alimvisha kofia kwanza.

"Mimi naweza kula viazi bila malipo ya uzee," alisema. "Siwezi kukufunga vifungo mpaka nife. Simama, Coy."

Alisimama.

Teague aliendesha hadi mji wa Joplin huku king'ora kikilia, Verdie nyuma akiuinua mkono wa mumewe juu kama Aaker alivyomwelekeza. Hospitalini daktari wa zamu, kijana mwenye macho ya usingizi, aliugeuza mkono kwenye mwanga.

"Umeumwa na mdudu?"

Coy alitazama ukuta. Benchi lilikuwa limejaa watu: mama na mtoto anayekohoa, mkulima mwenye mguu uliofungwa, muuguzi mwenye kalamu mkononi. Teague alisimama mlangoni, akaficha mikono mifukoni. Aaker alifungua mdomo, Teague akamkanyaga mguu. Ungekuwa ushahidi wa mtu mwingine, na daktari angemwona kijana wa nje anayebabaika.

"Baba, nimekuuliza. Ni mdudu?"

"Ni maji," Coy alisema, kwa sauti ya mtu anayewaita watu wa chini mgodini. "Maji ya ile mashine ya Tolliver, inayokata kwa shinikizo. Nilikuwa naiba, jana asubuhi. Nikalegeza kiungo, nikasikia kinalia, nikapitisha kiganja. Yameingia na yana dawa ndani yake. Huyu kijana anajua ni dawa gani. Andika."

Muuguzi aliandika. Daktari hakuwa na usingizi tena. Aliuliza saa, Coy akamwambia saa, na daktari akageuka akamwita mpasuaji mkuu kwa jina lake la kwanza, bila adabu, kwenye ukumbi mzima.

Walimwingiza. Milango ikafungwa. Aaker aliuliza mahali pa simu, akazungumza na kiwanda, akarudi.

"Kito kimefika na basi. Tolliver anataka nikakifunge. Wageni wako njiani."

"Nenda. Ni kazi yako."

"Sijui kama nataka."

"Hakuna aliyekuuliza," Teague alisema. Akampa funguo za gari.

Alibaki na Verdie. Alimletea kahawa, Verdie akaishika mpaka ikapoa, akaenda kuimwaga mwenyewe. Teague alitembea ukumbi ule kwenda na kurudi hadi muuguzi akamwambia aketi, akaketi, akasimama tena.

Mpasuaji alitoka jioni, barakoa ikiwa shingoni. Alizungumza na Verdie, lakini macho yake yalikuwa kwa Teague.

"Tumeufungua mkono mpaka juu ya kifundo chake na kuuosha. Jana mchana ningeokoa vidole vyote. Jana jioni, karibu vyote. Kama asingesema, ningesubiri mpaka kesho, na kesho ningekata hapa." Alijigusa chini ya kiwiko.

"Na sasa?" Verdie aliuliza.

Akamwambia.

Mashine ya Tolliver ilikata mbele ya wageni alasiri ile, ikachelewa kidogo tu, na mkataba ukatiwa sahihi. Misumeno mitano iling'olewa kabla ya majira ya baridi, na watu wake watano wakaenda nayo, Delmar Pruitt wa kwanza. Jaji alimpa Coy Ledbetter kifungo cha nje. Malipo ya uzee hakupata. Kwenye mkono wa kushoto alipoteza kidole cha shahada, kidole cha kati, na cha pete mpaka kwenye pingili ya pili. Vilivyobaki vizima ni gumba na kidole cha mwisho.